Sauti Iliyokuwa Kabatini

Masomo: 2 Wafalme 22:1–13, Mathayo 13:52

Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na kabati.

Nadhani katika nyumba yako mna kabati, au sanduku chini ya kitanda, ambamo umelazwa mtambo uliokuwa ukiimba zamani na sasa hauimbi. Labda ni redio ya kaseti. Labda ni Walkman, ile mashine ndogo iliyotolewa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1979, ambayo kijana aliifunga kiunoni akapita barabarani akitikisa kichwa, na wazee wakauliza, huyu ana nini? Labda ni iPod, iliyotoka Marekani mwaka 2001, na watu wakaambiwa kwamba sasa mtu aweza kutia nyimbo elfu moja mfukoni. Mwaka 2022 kampuni yake ilitangaza kwamba haitazitengeneza tena. Basi madukani vimekwisha, lakini makabatini vimejaa tele, na hatuvitupi. Mimi mwenyewe ninavyo viwili.

Sasa nisikilizeni. Katika mtaa wa Majengo, hapa kisiwani Mombasa, ukiiacha barabara ya Jomo Kenyatta na kuingia ndani vichochoroni, anakaa bibi mmoja aliyekuwa mshiriki wa kanisa letu kabla mimi sijazaliwa. Mumewe alikuwa mwinjilisti, akalala katika Bwana mwaka 1998. Bibi huyu sasa haoni. Ugonjwa wa kisukari ulimchukua jicho moja, kisha ukarudi kulichukua la pili. Watoto wake wako mbali. Majirani zake karibu wote ni Waislamu, nao ni majirani wema. Wakati wa Ramadhani sahani ya futari humfikia kabla haijafika kwa watu wengine.

Siku moja nilikwenda kumpelekea Ushirika Mtakatifu. Tulipomaliza aliniambia niingize mkono chini ya kitanda nivute boksi. Ndani mlikuwa na kanda za kaseti, arobaini na moja, nyingine zimeandikwa kwa kalamu, nyingine hazina hata alama. Marehemu mumewe alikuwa na desturi ya kujirekodi akihubiri, apate kusikia makosa yake. Desturi njema hiyo, na wengi wetu tunaosimama mimbarani tungefaidika nayo. Bibi akaniambia, "Mwanangu, redio yangu ilikufa zamani. Nataka kumsikia kabla sijamfuata."

Nikasema, "Bibi, hilo ni jambo dogo."

Wapendwa, ukimsikia kasisi akisema jambo ni dogo, jua kwamba bado hajalianza.

Kwanza nilimnunulia simu, hizi za kupapasa kioo. Nilifikiri nitatia mahubiri yote ndani, naye atasikiliza. Lakini kioo ni laini kote. Kidole cha mtu asiyeona hakipati mahali pa kushika, hakijui juu wala chini. Bibi alipapasa akitafuta mumewe, simu ikampigia mtu asiyemjua saa nane za usiku, na mtu huyo hakufurahi. Najua ziko njia za kuifanya simu isome kioo kwa sauti, na vijana wasioona wanazitumia vizuri sana. Lakini yule ni mama wa miaka themanini na kitu, na vidole vyake havina tena hisia nzuri kwa ajili ya ugonjwa uleule. Alinirudishia simu ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Ndipo mjukuu wake mmoja, aliyekuwa akifanya kazi Qatar, akakumbuka kwamba anayo iPod ya zamani droo­ni, ya namna iliyotoka mwaka 2005, yenye gurudumu usoni. Ilikuwa imekufa. Lakini nilipoishika nikaona jambo. Gurudumu lile lina mahali pane pa kubonyeza. Ukibonyeza chini, inacheza, na ukibonyeza tena inasimama. Kulia ni kwenda mbele, kushoto ni kurudi nyuma. Kidole gumba kinakujua chini ni wapi bila kuomba msaada wa jicho.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, huko mjini, aliitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi. Akasema, "Padri, tupa hii, nikuuzie mpya." Fundi wa pili ni kijana wa palepale Majengo, mwenye meza ndogo kibarazani na feni inayopuliza moshi wa lehemu. Yeye hakusema lolote. Alichukua kipande chembamba cha plastiki, akakipitisha taratibu pembeni mwa kifuniko mpaka kikaachia. Akaniambia nisiguse, kwa sababu kuna utepe mwembamba kama karatasi unaounganisha mgongo na kifua cha iPod, na wenye haraka huukata.

Ndani tuliona mambo matatu. La kwanza ni betri. Ilikuwa imevimba kama andazi. Betri za namna hii zikizeeka hutengeneza gesi ndani yake, na zikitobolewa zaweza kuwaka moto. Kwa hiyo ninyi mnaonisikiliza na mnatamani kufungua yenu leo jioni kwa kisu cha jikoni, tafadhali msifanye hivyo. Mpelekeeni fundi. La pili ni diski. iPod za zamani ziliweka nyimbo katika diski inayozunguka kama sahani ya santuri, ila ndogo mno, na mkono mdogo unasoma juu yake. Hii ilikuwa ikilia tiki, tiki, tiki, kama saa iliyopotewa na dakika. La tatu ni kutu, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi, nayo huingia kila mahali, hata katika kinanda cha kanisa.

Betri akaweka mpya. Kutu akaisugua kwa brashi na spiriti. Mahali pa diski akaweka kibao kidogo kinachoshika memori kadi, kadi zilezile za simu. Memori kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake. Haivunjiki ikianguka kitandani, na haili betri kama diski. Kisha akaondoa programu ya asili, akaweka nyingine iitwayo Rockbox. Hii ilianzishwa mwaka 2001 na vijana wa Uswidi, na tangu wakati huo watu wa kujitolea wa nchi nyingi wameiendeleza bila kumwuzia mtu. Yaweza kutamka orodha zake kwa sauti, maana hao watu waliwakumbuka wasioona. Tena hukumbuka mahali ulipoishia. Nilipoambiwa haya nilishangaa kidogo. Watu nisiowajua, katika nchi ya theluji, walikuwa wamemfikiria bibi wa Majengo kuliko mimi niliyemnunulia kioo.

Hapa nilifanya upumbavu, nami sitauficha. Nilitaka kadi ya gigabaiti 128. Fundi akauliza, "Una kanda ngapi, Padri?" Nikamwambia arobaini na moja, za saa moja moja. Akapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la meza. Mahubiri ni sauti ya mtu akisema, wala si bendi. Saa moja yaenea katika megabaiti thelathini hivi. Kanda zote hazifiki gigabaiti mbili. Kadi niliyoitaka ingebeba zaidi ya saa elfu nne. Akacheka, akasema, "Wataka pipa, nawe una kikombe." Tukaweka kadi ndogo ya zamani iliyokuwa imetupwa katika kikasha chake, wala hakuidai bei.

Lakini kuwa na mtambo mzima ni nusu ya safari. Sauti bado ilikuwa ndani ya kanda.

Someni pamoja nami nyumbani mlango wa 22 wa Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mfalme Yosia, katika mwaka wa kumi na nane wa kutawala kwake, aliamuru nyumba ya Bwana itengenezwe, palipobomoka pazibwe. Wakaja maseremala na waashi, wakanunua mbao na mawe. Nanyi angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Hakuna aliyetumwa kutafuta kitabu. Walikwenda kwa ajili ya paa na kuta. Katika kazi hiyo kuhani mkuu Hilkia akakuta kitabu cha torati, akampa Shafani mwandishi, na Shafani akakisoma mbele ya mfalme. Mfalme aliposikia alirarua mavazi yake. Kitabu kilikuwa mle nyumbani muda wote huo. Watu waliingia wakatoa sadaka wakatoka, na neno likawa liko kabatini, kama tunavyosema. Wala halikumchoma mtu mpaka mmoja alipokaa chini akalisoma kwa sauti kutoka mwanzo.

Hilo la kukaa chini ndilo lililonipata mimi. Kanda ya kaseti haina haraka. Kaseti tunazozijua zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na tangu siku hiyo mpaka leo kanda ya saa moja huchukua saa moja. Huwezi kuimwaga yote kwa mara moja kama mtu anayehamisha picha za arusi. Ni lazima uicheze mwanzo hadi mwisho, kompyuta ikipokea, nawe uwepo, maana kanda ya zamani yaweza kukwama na kuliwa wakati wowote. Tuliazima mashine ya kaseti. Mkanda wake wa mpira, ule unaozungusha magurudumu, ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Fundi akauweka mwingine. Akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, na pamba ikatoka rangi ya kahawia, kwa sababu kanda imepakwa unga wa chuma, nao hubanduka kidogo kidogo. Kanda zilizolegea tukazikaza kwa kalamu ya risasi, kama tulivyofanya utotoni.

Nilifikiri nitamwachia kijana kazi nirudi kwenye mikutano yangu. Lakini kijana huyo ni Mwislamu, naye alinieleza jambo lake kwa heshima: "Padri, haya ni maneno yenu ya dini. Likikatika neno, mimi sitajua limekatika wapi. Kaa." Nikakaa. Jioni kwa jioni, majuma mengi, kati ya adhana ya magharibi na ya isha, nilikaa kibarazani pale nikimsikiliza mwinjilisti aliyekufa nikiwa bado shuleni. Nilikuwa sijasikia mahubiri ya mtu mwingine mpaka mwisho, bila kuangalia saa, kwa miaka mingi.

Tulipofika kanda ya kumi na saba, mahubiri yalikatika katikati ya sentensi, na ikaingia fidla, kisha sauti ya Juma Bhalo, yule mwimbaji mkubwa wa taarabu wa pwani yetu aliyefariki mwaka 2014. Fundi alipiga kofi kwa furaha. Mtoto mmoja wa nyumba ile alikuwa amerekodi taarabu juu ya mahubiri ya babaye! Wale wakubwa mnakumbuka kwamba mgongoni mwa kaseti kuna vidirisha viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, kaseti hairekodiki tena, na kilichomo kinabaki salama. Mwinjilisti hakuvunja hata kimoja. Labda hakudhani kwamba maneno yake yafaa kulindwa.

Nilitaka kuikata taarabu. Nashukuru sikuikata. Maana baada ya nyimbo tatu, kijana yule alizima mashine yake, na mabaki ya kanda ya kwanza yakarudi. Lakini hayakuwa mahubiri tena. Ibada ilikuwa imekwisha, na mwinjilisti alikuwa amefika nyumbani na mashine yake, akasahau kuizima. Tukasikia viatu, kikombe kikiwekwa mezani, kuku. Kisha sauti ileile iliyokuwa ikinguruma juu ya manabii ikasema polepole, ikimwita mkewe kwa jina lake la utotoni, kwamba aache vyombo, aje akae kidogo, kuna upepo.

Fundi aliinama akatafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea.

Mzee mmoja wa baraza la kanisa aliposikia ninavyotumia jioni zangu, alinikumbusha maneno ya Bwana Yesu katika Mathayo 9 juu ya divai mpya na viriba vikuukuu. Alimaanisha kwamba nahangaika na takataka, na kwamba wakati ule ungefaa kwa wagonjwa. Sikumjibu vizuri siku ile. Nilikwenda nyumbani na hasira. Baadaye nilifikiri kwamba Bwana yuleyule, katika mlango wa 13, alimfananisha mwandishi aliyefundishwa na mwenye nyumba anayetoa katika akiba yake vitu vipya na vya kale pamoja. Kwa hiyo vya kale vina nafasi. Lakini juu ya wagonjwa mzee yule alikuwa amesema kweli zaidi ya alivyojua, na sasa nitawaambia kwa nini.

Tulimpelekea bibi iPod yake. Mjukuu alikuwa ametanguliza sauti yake mwenyewe kila mahubiri, akisema, hii ni ya Pasaka, hii ni ya mazishi ya fulani. Tuliiunga na spika ndogo. Nilishika kidole gumba chake nikakiweka chini ya gurudumu. Akabonyeza. Mumewe akasema. Bibi hakulia, alinyosha kichwa kidogo upande, kama mtu anayemsikia mwenzake akifungua mlango. Tulipofika kanda ya kumi na saba alisikiliza taarabu yote, akicheka, akamtaja mtoto aliyefanya dhambi ile. Kisha likaja lile neno la upepo. Akabonyeza kushoto. Likaja tena. Akabonyeza kushoto tena. Nikaona si vema kuwapo, nikaaga.

Nami nikatoka Majengo siku ile nikiwa na moyo wa kushiba. Nikasema, kazi imekwisha. Juma la kwanza sikwenda, nilikuwa na sinodi. La pili nalo sikwenda. La tatu nikapita, nikamkuta ameketi kitandani, iPod juu ya mto, imenyamaza.

Nikauliza, "Bibi, imeharibika?"

Akajibu, "La. Iliniaga siku ya Jumanne ya kwanza. Yataka umeme, na mimi ile tundu yake siioni. Nikasema Kasisi atakuja."

Wasikilizaji wangu, nilikuwa nimempa saa arobaini na moja za sauti, na betri mpya, na programu ya watu wema wa Uswidi, nikamwacha majuma matatu katika kimya kikubwa kuliko kile alichokuwa nacho kwanza, kwa sababu sasa alijua kilicho ndani yake. Nilichukua waya nikauchomeka. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema Baba Yetu.

Nilimwomba msamaha. Alinisamehe upesi mno, kama wazee wanavyofanya, na hilo halikunipa raha. Tukaita binti wa jirani, msichana wa darasa la sita, akaonyeshwa tundu. Sasa kila akitoka madrasa hupita kuichaji. Anasema anapenda zaidi ile yenye kuku.

Na mimi nakwenda Jumatano. Sipeleki mahubiri, ninayo ya kutosha kule. Nakaa kwenye kiti cha mwinjilisti, tunasikiliza mumewe kwa zamu na Biblia ambayo namsomea mwenyewe kwa kinywa changu. Jumatano iliyopita tulikuwa katika kanda ya ishirini na tatu. Mwinjilisti alikuwa akisimulia jinsi alivyotembea kwa miguu kwenda kuhubiri Rabai, mvua ikamnyeshea njia nzima. Bibi akabonyeza chini ya gurudumu, sauti ikasimama.

"Hapo amekosea," akaniambia. "Haikuwa Rabai. Ilikuwa Ribe. Nami ndiye niliyekausha hiyo kanzu."

Kisha akabonyeza tena, akamwacha aendelee.

Kwaherini, mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.